"Huna Kitu, Mama": Mishipa Ambayo Picha Haiioni



Leo naomba tuiweke siasa pembeni kidogo. Nataka tuzungumze juu ya maneno mawili ambayo daktari huyatamka kwa nia njema kabisa, lakini mgonjwa akifika nayo nyumbani yanageuka kitu kingine: "Huna kitu."

Mama yangu mdogo aliambiwa hivyo. Yeye ni mkulima wa mpunga. Nyumba yake ipo Ifakara, maeneo ya Kibaoni, na shamba lake lipo ng'ambo ya mto, Minepa, upande wa Ulanga. Zamani ilikuwa mpaka usubiri pantoni, siku hizi anakatiza daraja la Magufuli na baiskeli yake kama wana Ifakara wengi. Umri wake ni miaka hamsini na ushee. Kwa karibu miaka miwili alikuwa anabanwa na kifua. Akipalilia, kinabana. Akiinua ndoo, kinabana. Akikaa chini kivulini, baada ya muda kinaachia. Kuna siku kilimbana akiwa amekaa tu mkekani, baada ya kupokea simu ya msiba.

Basi zikaanza tiba. Kwanza akaambiwa ni vidonda vya tumbo, akanywa dawa za vidonda. Halafu zahanati moja ikampima presha, ikakuta ipo juu, akaanzishiwa vidonge. Hapo walau palikuwa na jambo la maana, ila kifua hakikuacha. Akapimwa umeme wa moyo, ile karatasi ya ECG, ikatoka safi. Mwingine akamwambia ni mawazo. Jirani naye akasema waziwazi: hapo pana mkono wa mtu.

Mwishowe ukoo ukajichanga. Magunia ya mpunga yakauzwa mwezi wa mavuno wakati bei iko chini kabisa (kila mkulima anayajua maumivu hayo), akapandishwa basi la Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 400. Huko, katika hospitali ambayo sitaitaja, akafanyiwa kipimo kikubwa. Mrija mwembamba ukapitishwa kwenye mshipa wa mkono hadi kwenye moyo, ikamwagwa dawa ya rangi, ikapigwa picha. Mishipa yote inapitisha. Daktari akatabasamu: "Mama, moyo wako mzima. Huna kitu. Nenda nyumbani ukapumzike."

Tulishangilia. Nani asingeshangilia?

Lakini angalieni kilichofuata. Kwanza, kifua kiliendelea kubana vilevile. Pili, watu wakaanza kunong'ona kwamba alikuwa anajisingizia, kwamba mpunga wa watu umeliwa bure na nauli ya Dar. Tatu, na hili ndilo lililonitisha zaidi, akaacha vidonge vya presha. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa upole tu: "Si wamesema moyo mzima, mwanangu? Sasa dawa za nini tena?"

Mnaona? Jibu la kipimo kimoja lilizima swali zima, likazima na dawa iliyokuwa inamsaidia. Kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza maswali, nikaanza kuuliza: kipimo kile kinaona nini hasa, na kisichoona ni nini?

PICHA INAONA MFEREJI MKUU TU

Kipimo alichofanyiwa mama mdogo kinaitwa anjiografia ya moyo. Historia yake ni ya mwaka 1958, pale daktari Mason Sones wa Cleveland, Marekani, alipopata picha za mishipa ya moyo kwa kumimina dawa ya rangi moja kwa moja ndani yake. Ni kipimo kizuri sana. Kimeokoa watu wengi na kinaendelea kuokoa. Mtu akizibwa na mafuta kwenye mshipa mkubwa, hapo ndipo anapoonekana, na hapo hapo anaweza kuzibuliwa.

Lakini mishipa inayoonekana kwenye picha ile ni ile mikubwa inayopita juu ya moyo, yenye upana wa milimita 2 mpaka 4 hivi. Kutoka hapo mishipa inagawanyika na kuzama ndani ya nyama ya moyo, inazidi kuwa midogo mpaka inakuwa chini ya nusu milimita, halafu chini ya unywele. Hii midogo ndiyo mingi kuliko yote, na ndiyo inayoamua damu kiasi gani iingie wapi na saa ngapi. Kwenye picha ya anjiografia haionekani kabisa.

Nilipomweleza mama mdogo habari hii, sikutumia lugha ya hospitali. Nilimwambia afikirie skimu ya umwagiliaji, kama ile ya Msolwa Ujamaa au ya Njage. Unaweza kusimama kwenye mfereji mkuu ukaona maji yanakwenda kwa fujo, ukasema mwaka huu hakuna shida. Lakini tembea mpaka kwenye majaruba ya mwisho, unakuta ardhi imepasuka nyufa. Mfereji mkuu haujaziba. Vijifereji vya pembeni ndivyo vimejaa tope, au milango yake haifunguki pale mpunga unapodai maji. Akanielewa mara moja, na kusema kweli akanielewa kuliko wasomi kadhaa niliowaelezea habari hiyohiyo.

Moyo nao ndivyo ulivyo. Ukiwa umekaa unahitaji damu kiasi. Ukianza kupalilia au kukimbilia basi, mishipa midogo ya mtu mwenye afya inafunguka, damu inaongezeka mara 3 au hata 4. Kwa mtu ambaye mishipa yake midogo imegoma, ongezeko halifiki hata mara 2. Nyama ya moyo inakosa hewa, kifua kinabana. Wapo pia ambao mishipa yao haishindwi kufunguka tu, bali inajikaza ghafla, hata mtu akiwa amepumzika.

Madaktari waliliona fumbo hili zamani. Mwaka 1973 likapewa jina ambalo tafsiri yake ni "sindromu X". X, yaani hatujui! Miaka mingi wagonjwa wa aina hii, wengi wao wanawake, walirudishwa nyumbani na maneno yaleyale ya mama mdogo. Kuanzia mwaka 1996 Marekani ikaanzisha utafiti mkubwa wa wanawake wenye dalili za moyo, unaojulikana kwa kifupi kama WISE. Ukaonyesha kwamba wanawake wengi wanaoumwa kifua hawana mshipa mkubwa ulioziba, na kwamba wenzetu hawa si wazima kama walivyoambiwa. Wenye hitilafu kwenye mishipa midogo wanapata mshtuko wa moyo na moyo kushindwa kufanya kazi zaidi ya watu wasiokuwa nayo.

Kwa hiyo "mishipa mikubwa haijaziba" ni jibu la kweli. "Huna kitu" ni jibu lingine kabisa.

WAYA NDANI YA MOYO

Sasa, hii mishipa isiyoonekana inapimwaje?

Njia inayoaminika zaidi ni kurudi kulekule ndani. Badala ya kupiga picha tu, daktari anapitisha waya mwembamba wenye kihisio ndani ya mshipa wa moyo. Anaingiza maji ya chumvi yasiyo ya moto, anapima yanachukua muda gani kupita, kisha anampa mgonjwa dawa inayoitwa adenosini, ambayo inailazimisha mishipa ifunguke, anapima tena. Kwa hesabu hizo anapata ukinzani wa mishipa midogo. Ukifika 25 au zaidi, mishipa midogo ina tatizo. Inaweza kuongezwa dawa nyingine, asetilikolini, kuona kama mishipa inajikaza.

Ni kipimo cha uhakika, lakini kinataka chumba maalum, waya wa gharama unaotumika mara moja, na daktari bingwa aliyefundishwa. Hapa kwetu taasisi kubwa ya moyo ni ya Jakaya Kikwete, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015 pale Muhimbili, Dar es Salaam. Kuwa na taasisi kama hiyo ni hatua kubwa kwa nchi ambayo miaka ya nyuma ilikuwa inapeleka wagonjwa wa moyo India. Lakini kumwambia mkulima wa Minepa arudi tena Dar, aingizwe tena mrija, ili aambiwe jina la ugonjwa... Hebu tuwe wakweli. Mpunga wa kuuza umeshakwisha.

Ndiyo maana habari ya vipimo visivyoingia ndani ya mwili inanigusa. Wenzetu wa nchi tajiri wanavitafuta ili kumpunguzia mgonjwa maumivu na hatari ndogo ya mrija. Kwetu sababu ni nyingine: umbali. Kwa mtu wa bondeni, kipimo kisichoweza kumfikia ni sawa na kipimo ambacho hakijavumbuliwa.

NJIA ZISIZO NA WAYA

Ipo mashine ya PET. Unachomwa dawa yenye mionzi kidogo, mashine inahesabu damu inavyoingia kwenye nyama ya moyo ukiwa umepumzika na baada ya dawa ya kufungua mishipa. Kati ya njia zisizo na waya hii ndiyo inayoheshimiwa kuliko zote. Tatizo lake ni kwamba dawa zenyewe hazidumu. Rubidi inayotumika hupungua nusu kila baada ya sekunde 75 hivi, na ile ya amonia kila dakika 10. Huwezi kuipakia kwenye basi la Ifakara! Lazima itengenezwe hapo hapo. Tuiache.

Ipo MRI, inayotumia sumaku, bila mionzi. Nayo inaonyesha damu inavyoingia kwenye moyo. Mashine ni ghali, inataka umeme usioyumba na wataalam wa kusoma picha zake. Tuiweke akiba.

Halafu ipo hii ambayo nataka tukae nayo kidogo: eko. Ndiyo, eko hiihii ambayo mama mjamzito anaijua kwa jina la ultrasaundi, ila imeelekezwa kwenye moyo. Mtaalam anaweka kile kichwa cha mashine chini ya titi la kushoto, anautafuta mshipa mkubwa wa mbele ya moyo, anawasha kipimo cha mwendo wa damu kinachoitwa Dopla. Anarekodi damu inakwenda kwa kasi gani. Kisha mgonjwa anapewa adenosini au dawa nyingine inayofanana nayo kwa dakika chache, mtaalam anarekodi tena. Anagawanya kasi ya pili kwa ile ya kwanza. Ikiwa kasi haijafika hata mara 2, kuna kasoro. Hesabu ya darasa la nne.

Sharti moja la kuchekesha: masaa mengi kabla ya kipimo usinywe chai, kahawa wala soda ya kola, maana kafeini inaipinga ile dawa. Waambieni wapenzi wa chai ya maziwa wajiandae kisaikolojia.

Wadenmaki waliitumia njia hii kwa wanawake wenye maumivu ya kifua ambao mishipa yao mikubwa haikuwa imeziba. Utafiti unaitwa iPOWER. Katika ripoti yao ya mwaka 2016, ya wanawake wanaokaribia 1,000, takriban robo walikutwa na hitilafu hiyo, na karibu wote kipimo kiliwezekana kwao. Hawakutumia waya wala mrija.

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Eko ya namna hii ina mipaka yake. Inaangalia mshipa mmoja tu. Inataka mkono uliozoea, maana moyo unaruka na mapafu yanaziba njia ya mawimbi. Adenosini si ya kuchezea kwa mwenye pumu. Na la muhimu zaidi: kasi ikishindwa kuongezeka, inaweza kuwa ni mshipa mkubwa ndio umeziba. Kwa hiyo lazima kwanza mishipa mikubwa ithibitishwe kuwa haina shida, kwa anjiografia au kwa CT skani. Eko haimfuti yule daktari wa Dar. Inaanzia pale alipoishia.

Mama mdogo, kwa mfano, hatua ile ngumu na ya gharama alikwishaivuka! Mishipa mikubwa imeonekana. Kilichobaki kwake ni hiki chepesi. Badala yake faili likafungwa.

Kuna na vingine vinavyokuja. Watafiti wa Marekani wamekuwa wakiifundisha kompyuta kuisoma karatasi ya ECG, ile ile inayotoka safi machoni mwa daktari, iangalie kama kuna alama ndogo ndogo za mishipa midogo kugoma. Hiyo ikithibitika itakuwa ni mapinduzi kwetu, maana mashine ya ECG inabebeka hata kwenye pikipiki. Ila bado ni mambo ya utafiti. Tusubiri, tusikimbilie.

BONDE LINALOIJUA MISHIPA MIDOGO

Sasa niwape jambo ambalo lilinifurahisha sana nilipokuwa nachimba habari hii. Mtu anaweza kudhani mishipa midogo ni elimu ya Wazungu na mashine zao. Lakini kama kuna mahali duniani pameisoma mishipa midogo kwa muda mrefu, ni nchi za malaria kama hili bonde letu.

Ifakara ina maabara ya utafiti tangu mwaka 1957, iliyoanzishwa na Mswisi Rudolf Geigy, na ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara tunayoijua leo. Kazi yake kubwa kwa miaka mingi imekuwa mbu na malaria. Na malaria kali ni nini? Ni ugonjwa wa mishipa midogo! Chembe za damu zenye vimelea zinanata kwenye kuta za vijishipa, damu inashindwa kupita, ubongo unakosa hewa. Mishipa mikubwa ya mtoto huyo iko wazi kabisa.

Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto wa Dar es Salaam. Watafiti walipima nitriki oksaidi, hewa ambayo mwili wenyewe huitengeneza ili kulegeza mishipa. Wakakuta kwamba kadiri malaria ilivyokuwa kali ndivyo watoto walivyokuwa wanaitengeneza kidogo. Miaka miwili baadaye, 1998, Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, wakapewa tuzo ya Nobel kwa kugundua kazi ya hewa hiyo hiyo kwenye mishipa. Na upungufu wake ni moja ya sababu zinazofanya mishipa midogo ya moyo igome.

Kuna kipimo kinachoifuata hewa hiyo kupitia kidole. Unafungwa mkono kwa mpira wa presha kwa dakika 5, damu inazuiwa, kisha unafunguliwa. Kihisio kwenye ncha ya kidole kinapima mapigo yanarudi kwa nguvu gani. Mishipa yenye afya inarudi na damu nyingi, iliyochoka inarudi kinyonge. Mwaka 2004 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walionyesha kwamba wenye kidole kinyonge mara nyingi ndio wenye mishipa midogo ya moyo iliyogoma. Mwaka 2007 kipimo hichohicho kikatumika Papua, Indonesia, kwa watu wazima wenye malaria kali, na mishipa yao ikakutwa imechoka.

Kidole peke yake hakitoshi kusema huyu moyo wake unaumwa, hilo madaktari wanalisisitiza. Lakini ona jinsi elimu inavyozunguka: mbu wa bondeni na kifua cha mama mdogo vinakutana kwenye ncha ya kidole.

TUANZIE WAPI SASA?

Najua msomaji mmoja ataniambia: ndugu mwandishi, unaota. Huku zahanati hazina hata mashine ya presha, wewe unatuletea Dopla na adenosini!

Hoja hiyo ina uzito. Kuna utafiti uliofanyika Moshi ukaonyesha kwamba wagonjwa wengi waliofika hospitali na mshtuko wa moyo kabisa hawakutambuliwa kuwa ndio ugonjwa walio nao. Yaani hata mfereji mkuu hatujaumaliza.

Lakini mimi sioni kwamba ni lazima tumalize kimoja ndipo tuanze kingine. Eko ipo. Pale Ifakara, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko na Taasisi ya Afya wamekuwa wakiitumia kwa wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na moyo. Kliniki ya magonjwa sugu, iliyoanza katikati ya miaka ya 2000 kwa ajili ya wenye virusi vya UKIMWI, leo ina watu walioishi miaka mingi na ARV, na sasa wanazeeka wakipata presha kama watu wengine. Na virusi vyenyewe huichokoza ngozi ya ndani ya mishipa. Ifakara ilishiriki pamoja na Lesotho kwenye jaribio la coArtHA, lililolinganisha namna mbalimbali za kuanza dawa za presha kwa Waafrika wa vijijini. Kwa hiyo watu wenye ujuzi wa kufuatilia mgonjwa mwaka hadi mwaka wapo hapahapa bondeni. Taasisi ya Jakaya Kikwete nayo hupeleka huduma za mkoba mikoani, madaktari na mashine zao. Mwenye eko mkobani anakosa nini? Dawa ya kufungua mishipa, mafunzo ya mkono, na nusu saa ya ziada kwa mgonjwa mmoja. Si vidogo, lakini si jengo jipya la mabilioni.

Na kuna kipimo kingine cha bei rahisi kuliko vyote: masikio. Kifua kinabana ukifanya nini? Kinaachia baada ya muda gani? Umekoma hedhi lini? Una presha, sukari, unavuta sigara? Mishipa midogo inapenda kugoma kwa watu wenye mambo hayo, na kwa wanawake zaidi baada ya hedhi kukoma. Maswali haya hayaungui umeme ukikatika.

JINA LA UGONJWA NALO NI DAWA

Mtu anaweza kuuliza: hata nikijua, kuna tiba? Hakuna cha kuzibua wala cha kupasua. Lakini zipo dawa. Presha inadhibitiwa, kolesteroli inashushwa, sigara inaachwa, mazoezi ya taratibu yanaanzwa, na zipo dawa za kutuliza moyo au kulegeza mishipa ambazo daktari huchagua kulingana na kama mishipa inashindwa kufunguka au inajikaza. Tafadhali msiende duka la dawa mkajichagulia wenyewe.

Huko Scotland walifanya jaribio, likaitwa CorMicA, matokeo yakatoka 2018. Wagonjwa 151 wenye kifua kinachobana na mishipa mikubwa isiyoziba walipimwa mishipa midogo kwa waya. Kundi moja daktari wao alipewa majibu, akawatibu kwa kuyafuata. Kundi jingine daktari hakupewa, akawatibu kwa mazoea. Baada ya miezi 6, waliotibiwa kwa majibu walikuwa na maumivu pungufu na maisha bora zaidi. Dawa zilikuwa ni hizihizi zinazofahamika. Tofauti ilikuwa ni kujua mtu anaumwa nini.

Kwa bondeni kwetu naongeza faida moja ambayo haikuandikwa kwenye jaribio lile. Mgonjwa mwenye jina la ugonjwa hanong'onwi. Hatafutiwi mchawi. Mume hamwambii anakwepa shamba. Na vidonge vyake havitupi.

Mama mdogo hajapimwa mishipa midogo mpaka leo, kwa hiyo siwezi kusema ndiyo inayomsumbua, wala daktari wake wa sasa hasemi hivyo. Alichosema ni hiki, na ningependa kila mganga alisikie: "Mama, mishipa yako mikubwa haijaziba, hilo ni jambo jema. Lakini ipo midogo ambayo kipimo kile hakiioni, na kwa dalili zako inawezekana ndiyo. Tutaanza na presha, na tutafuatana." Maneno machache tu hayo. Vidonge vya presha vimerudi mezani karibu na kikombe chake.

Kwa hiyo ndugu yangu, wewe au mzazi wako akirudi na majibu safi huku kifua bado kinabana, usigombane na daktari. Muulize kwa heshima: Kipimo hiki kimeona mishipa ipi, na ipi hakikuiona? Dawa za presha niendelee nazo au niache? Nikibanwa tena nifanye nini, na nirudi lini? Maumivu yakija makali, yakakaa bila kuachia, jasho likatoka, usisubiri kesho, wahi hospitali usiku huohuo. Na omba nakala ya majibu na picha zako, uzitunze pamoja na hati ya shamba. Siku eko yenye Dopla itakapofika Ifakara na dawa yake, utakuwa nusu ya safari umeshaimaliza.

Wauguzi, madaktari na wana Kilombero mnaonisoma, kama kuna mahali kipimo hiki cha eko kimeanza kufanyika hapa nchini nje ya Dar, tuambieni tuwaambie na wengine. Nawasilisha.